Setilaiti za Rwanda: ipi ni ya nani?

RUSIZI: Wafanyabiashara wa hapa husikia kwamba Rwanda ina setilaiti. Mwaka 2019 zilirushwa mbili, na hazifanani.

Icyerekezo, yaani dira, ilirushwa Februari 27 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Jina ni la Kinyarwanda lakini chombo ni cha kampuni ya OneWeb, ambayo Rwanda iliwekeza fedha ndani yake. Lengo lililotangazwa lilikuwa kufikisha intaneti shuleni Nkombo, kisiwa cha wilaya hii katika Ziwa Kivu, ambako kuvusha waya ni kazi ngumu na ghali. Machi 2020 OneWeb ilielemewa na madeni, ikaomba kinga ya mahakama jimboni New York. Iliyoiokoa ni serikali ya Uingereza pamoja na Bharti ya India. Msafirishaji anayetegemea lori la kukodi anaielewa hatari hiyo.

RwaSat-1 ndiyo iliyokuwa ya Rwanda yenyewe. Wahandisi wake waliiunda na Chuo Kikuu cha Tokyo, ikarushwa kutoka Japani mwezi Septemba. Ilikuwa na urefu wa sentimeta 30 hivi, ya kukusanya vipimo vya kilimo na mazingira. Intaneti haikubeba.