Majina yanayoshika rekodi katika bonde la Lufira

Jina lililosafiri mbali kuliko yote ni Shinkolobwe, mahali karibu na Likasi, Katanga. Wenyeji husimulia kuwa ni jina la tunda la kuchemshwa: ukilibana, linakuunguza. Mwaka 1915 urani iligunduliwa hapo, na mawe mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, utajiri ambao hakuna mgodi mwingine wa wakati huo uliokuwa nao. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière akapeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, na urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka katika udongo huu. Kila mtoto wa shule Lubumbashi anastahili kuijua habari hiyo kabla hajafundishwa historia ya vita vya Ulaya.

Kwa kubandikwa majina ya wageni, rekodi ni ya Mwadingusha na jirani yake Koni. Maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa Cornet, kwa jina la mwanajiolojia Mbelgiji. Bwawa lililokamilika hapo mwaka 1930, lililozaa ziwa Tshangalele, likaitwa Francqui. La Koni likaitwa Bia. Huko kwenye mto Lualaba, Nzilo ikawa Delcommune na Nseke ikawa Le Marinel. Wenye majina hayo wote watano walifika Katanga katika misafara ya miaka ya 1891 na 1892, na maporomoko na mabwawa yakaandikwa kwa majina yao. Leo mafundi wa umeme husema Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke. Ndivyo pia Jadotville ilivyorudi kuwa Likasi mwaka 1966, na Élisabethville, mji uliopewa jina la malkia wa Ubelgiji, ukachukua jina la kijito chake, Lubumbashi.

Maporomoko marefu kuliko yote ni ya Lofoi, mto unaoshuka kutoka uwanda wa juu wa Kundelungu kwa zaidi ya mita 300 kabla ya kuingia Lufira. Mwaka 1891 Le Marinel alijenga kituo kwenye mto huo, cha kwanza cha dola ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, katika Katanga.

Lakini kijiji kilichowahi kuwa na nguvu kuliko vyote ni Bunkeya. Mfalme wake, M'siri, alitoka Unyamwezi, nchi ya Tabora, na watu wake wakaitwa Wayeke, yaani wawindaji wa tembo. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilipita mikononi mwake, zikielekea pwani ya mashariki na ya Angola pia. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs uliotumwa na Leopold, kwa sababu alikataa bendera ya Leopold. Hata hivyo, hadi leo Mwami, yaani mfalme wa Wayeke, anakaa Bunkeya.