Lalu wa Bihar na Ng'ombe Hewa

Haya wanangu, leo twende Bihar, mashariki mwa India. Mtoto Lalu Prasad Yadav alizaliwa huko mwaka 1948, katika kijiji cha Phulwaria, akakua akichunga nyati wa maziwa. Kaka yake alikuwa tarishi katika chuo cha mifugo mjini Patna. Lalu akamfuata, akasoma, akawa kiongozi wa wanafunzi, na alipofika miaka 29 alikuwa tayari mbunge.

Mwaka 1990 akawa waziri mkuu wa jimbo. Ndugu wa tarishi! Watu wa tabaka za chini, waliozoea kuinamisha vichwa mbele ya mabwana wa ardhi, sasa walimsikia mkubwa akisema Kibhojpuri chao. Mwaka huohuo, L.K. Advani wa chama cha BJP alikuwa akizunguka nchi na msafara uliowasha chuki kati ya Wahindu na Waislamu. Ulipoingia Bihar, Lalu akaamuru Advani akamatwe. Hilo namsifu hadi leo. Alifungua pia shule za wachungaji: mtoto anakuja na mnyama wake, mnyama anakula majani, mtoto anasoma. Inasikitisha kwamba nyingi hazikudumu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1996 maofisa walikagua vitabu vya idara ya mifugo, wakakuta hazina imelipia malisho na dawa ambazo hazikununuliwa, kwa ng'ombe wasiokuwepo. Hati zilisema mizigo ilibebwa na malori, lakini namba zilipofuatiliwa, baadhi zilikuwa za vespa! Zilipotea zaidi ya rupia bilioni 9. Wizi ulianza kabla yake, ila ulivimba zamani zake, na walioibiwa ni wafugaji maskini waliompenda. Hapo ndipo panaponiuma.

Lalu alishtakiwa kwa wizi huo, akakana. Mwaka 1997, kabla ya kukamatwa, alijiuzulu, kiti kikaenda kwa mkewe Rabri Devi, ambaye hakuwahi kushika cheo chochote. Baadaye Lalu akawa waziri wa reli wa India nzima. Mwaka 2013 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 5 kwa wizi huo wa malisho, akapoteza ubunge.

Mnadhani watu walimtupa? Mwaka 2015, yeye akiwa haruhusiwi kugombea, chama chake cha RJD kilipata viti 80, vingi kuliko chama chochote Bihar. Wengi walijua habari za malisho. Walikumbuka pia nani aliwafanya wainue vichwa.