Matunda ya Unguja na Pemba katika Msamiati wa Kiswahili: Mtazamo kutoka Lusahunga

1.0 Utangulizi



Miaka mingi iliyopita, nikiwa darasani Lusahunga, wilayani Biharamulo, kando ya barabara kuu iendayo Rusumo, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, doriani ni nini?" Nilimweleza kuwa ni tunda kubwa la Unguja na Pemba, lenye miiba na harufu kali. Akatafakari, kisha akauliza tena: "Basi mbona ndizi zetu, za kupika, za kuiva na za pombe, kwa Kiswahili zote ni ndizi tu?" Siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Mhadhara huu ni jaribio la kulitoa.

2.0 Tunda katika Chakula cha Visiwani

Visiwani, tunda si kiburudisho cha baada ya mlo tu. Shelisheli huchemshwa, hukaangwa au huungwa kwa nazi, na wakati wa futari husimama pamoja na muhogo na ndizi mbichi. Embe bichi hutiwa katika urojo ili kuupa ukali, na huhifadhiwa kwa kufanywa achari. Mazoea haya ni ya kale. Ibn Battuta, aliyeizuru pwani yetu mnamo mwaka 1331, aliandika kuwa Mogadishu ndizi mbichi zilipikwa kwa maziwa, na maembe na ndimu zililiwa kama achari pamoja na wali.

Palipo na matumizi mengi, msamiati nao hukua. Tunda la mnazi halina jina moja: huanza kidaka, likawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, na mwisho nazi. Anayetumwa dafu akaleta koroma hakukosea lugha tu, ameharibu kinywaji.

3.0 Majina na Safari Zake

Majina ya matunda ni kumbukumbu za safari za bahari. Doriani ni neno la Kimalei, kutokana na *duri*, yaani mwiba. Shelisheli lina jina lile lile la visiwa jirani katika Bahari ya Hindi. Nanasi asili yake ni lugha za wenyeji wa Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioeneza tunda hilo. Pera kwa Wareno ni tunda la Ulaya. Huku kwetu jina hilo limehamia kwenye tunda jingine kabisa, lenye asili ya Amerika.

Stafeli linafundisha zaidi. Mti wake asili yake ni Amerika, lakini jina lake linafanana na la Kihindi, *sitaphal*, ambalo India ni la tunda la jamaa yake. Kwa hiyo historia ya mmea na historia ya neno si lazima ziwe moja. Mwanaisimu anayekisia asili ya mmea kwa kutazama jina pekee atapotea njia.

Zambarau nalo limevuka mipaka ya chakula. Ibn Battuta alilikuta Mombasa tunda tamu lenye kokwa aliloliita *jammun*, na India hadi leo *jamun* ni jina la tunda tuliitalo zambarau. Kwetu, tunda hilo limeipatia lugha jina la rangi, kama lilivyofanya chungwa.

4.0 Usanifishaji na Kapu la Matunda

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Pamoja na sarufi yake, Kiunguja kilikuja bara na kapu lake la matunda. Ndiyo maana mtoto wa Lusahunga hufundishwa jina la tunda asilopata kulionja, huku tofauti anazozijua jikoni kwa mama yake zikikosa nafasi katika insha yake. Mhaya anayesema *ebitoke* anataja chakula kikuu. *Ndizi* humpa msomaji wa pwani picha ya tunda lililoiva.

Sidai kuwa Kiunguja kilikosea. Kila lahaja hutaja kwa undani kile ambacho watu wake wanakila, wanakiuza na kukipanda. Wahenga walisema: mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Upande wa mashariki wa Unguja ni ardhi ya maweni. Kagera ni nchi ya migomba. Kosa ni letu, tulioendelea kuchota kisima kimoja wakati lugha imekwisha kuwa ya wengi.

5.0 Hitimisho

Kwa wanafunzi walio hapa nina ombi moja. Mnaporudi nyumbani likizo, kaeni jikoni na mashambani, muandike majina ya aina za ndizi, sehemu za mgomba na hatua za kuivisha, pamoja na matumizi ya kila jina. Msisubiri wazee waondoke nayo. Visiwa vimekwisha kutoa sehemu yao, nasi tumefaidi. Swali la yule mwanafunzi litajibiwa siku bara nalo litakapoleta kapu lake.