Rimu Mpya, Amana Ile Ile

Sikukuu inapokaribia, familia nyingi za Dodoma hujiandaa kwa safari ya Kondoa au Singida, na baba wa nyumba hutamani gari lipendeze kwa rimu mpya. Kupendeza si kosa. Kosa ni kununua kwa macho.

Tazama ubavuni mwa tairi la sasa. Maandishi 225/65R17 102H, yaonekanayo kwenye Toyota RAV4 nyingi, yamaanisha upana wa milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17, na uwezo wa kubeba kilo 850 kila tairi. Ukihamia inchi 18, chagua 225/60R18, ili kimo cha gurudumu kibaki karibu vile vile. Likizidi mno, tairi husugua bodi na spidomita hudanganya. Nati zake tano zimepangwa katika duara la milimita 114.3, rimu isiyolingana isilazimishwe.

Kisha soma tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri laweza kuwa limekwisha kuzeeka.

Watoto wa kiti cha nyuma ni amana. Tawakkul huja baada ya kukaza nati.