Bendera ya Hedwig

Wajukuu zangu, tazameni ile kanga ya bibi yenu iliyoanikwa karibu na mibuni. Upande ulioshikwa na kamba bado mzima. Upande wa pili, unaopigwa na upepo kutwa, nyuzi zimeanza kuchomoka. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Zamani nchi hii ilitawaliwa na Wajerumani, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, walikuwako Wabelgiji. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu ziwani. Walikuwa na meli ndogo zenye mizinga, Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakaongeza kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikapandishwa treni Dar es Salaam na kuunganishwa hapo Kigoma.

Waingereza wakaleta boti mbili za mbao, Mimi na Toutou. Ndiyo, Mimi, vile vile kama mtu anavyojitaja. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 12. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Kongo, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa injini za mvuke na ng'ombe. Watu wa vijiji vya huko ndio waliofyeka msitu na kujenga madaraja ya magogo, na maji yalipokauka njiani, wanawake waliyabeba kichwani ili injini zipate kunywa. Vitabu vingi vinamsifu kiongozi wa safari ile, Geoffrey Spicer-Simson. Mimi nawafikiria zaidi wale wanawake na mitungi yao.

Tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilikwenda kuchungulia upande wa Kongo, karibu na mahali panapoitwa Kalemie leo. Boti zile zikaitokea kwa nyuma. Baada ya dakika chache nahodha wake alikuwa amekufa na meli imetekwa. Waingereza wakaitengeneza, wakaiita Fifi, wakaipa mzinga mkubwa zaidi. Kigoma hawakujua yaliyoipata. Basi mwezi Februari Hedwig ikatumwa kumtafuta ndugu yake, na tarehe 9 ndugu huyo ndiye aliyeifukuza, sasa akiwa na bendera nyingine mlingotini. Hedwig ilipigwa, ikazama. Waliookolewa wakawa mateka, Wajerumani na Waafrika, na pamoja nao ikachukuliwa bendera kubwa ya jeshi la maji la Ujerumani. Hiyo ndiyo inayotajwa kuwa bendera ya kwanza ya manowari za Kijerumani kutekwa katika vita ile. Dunia nzima ilikuwa vitani, bahari zote zina manowari, na bendera ya kwanza ikapatikana katika ziwa hili la dagaa na migebuka!

Mtauliza, kitambaa kina nini hata kitamaniwe hivyo? Sikilizeni. Meli mbili zikipigana, watu wake hawasikiani kwa kishindo cha mizinga. Bendera ndiyo inayosema. Ikiwa juu, inasema bado tunapigana. Ikishushwa, inasema basi, tumeshindwa, msitupige tena. Meli ikitekwa, desturi ni kuipeperushia bendera ya mshindi juu na ya mshindwa chini yake, ili anayetazama kutoka mbali ajue yaliyotokea. Kwa hiyo aliyerudi na bendera ya adui amerudi na ushahidi.

Leo kuna watu, Ulaya na Marekani hasa, wanaokusanya vitu vya manowari za kale: kengele, dira, vifungo vya sare, na bendera ndizo zinazogombewa sana. Penye fedha hapakosi waongo, kwa hiyo mnunuzi hodari hutazama kama nilivyowaambia muitazame kanga. Bendera za meli za enzi ile zilishonwa kwa sufu nyepesi, na ukingo wa upande wa mlingoti ulitiwa kitambaa kigumu na kamba. Ya Ujerumani ilikuwa nyeupe, yenye msalaba mweusi na tai katikati. Iliyopepea kweli imechakaa upande wa nje, mbali na kamba, na nyuzi zake zina urefu usiolingana. Ya uongo imekatwakatwa kwa mkasi, au imechakaa pande zote sawasawa. Upepo haufanyi kazi namna hiyo.

Lakini hata ya kweli, ikipotelewa na habari zake, ni kitambaa kilichotoboka tu. Lazima ijulikane ilitoka meli gani, nani aliichukua, ikapita mikono ya nani.

Götzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani mwezi Julai 1916, mitambo imepakwa grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Imewasafirisha watu wa mwambao huu miaka mingi, na kila aliyeipanda ameushika ushahidi wa vita ile kwa kiganja chake.

Basi siku mkikuta nguo ya zamani ndani ya sanduku la mzee, hapa Kalinzi au kule Ujiji, msiifue wala msiipige pasi. Iacheni ilivyokunjwa, kamwiteni mwenye sanduku, mkae chini, mwulizeni nani alimpa.