Makumbusho ya Lamu na Kazi Yake Mjini

Neno makumbusho latokana na kitenzi kukumbusha. Akumbukaye hujikumbukia mwenyewe, bali akumbushaye ana mtu wa pili mbele yake. Kwa hiyo nyumba iliyojaa vitu vya kale bila watu wa kukumbushwa ni ghala tu, haijawa makumbusho. Jambo hili tutalieleza kwa mfano wa Lamu, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001.

Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwaka 1971, katika nyumba ya ghorofa iliyoelekea bahari, ambayo zamani ilikuwa makao ya maafisa wa Kiingereza. Baadaye ziliongezwa nyumba nyingine. Mojawapo ni ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821; nayo ilitumika kuwa gereza hata mwaka 1984. Mahali watu walipofungwa, leo watu huingia kwa hiari yao.

Vitu vyenye heshima kuu humo ni siwa mbili: moja ya Lamu, ya shaba, na moja ya Pate, ya pembe za ndovu. Siwa ni baragumu kubwa, ambayo hupulizwa kwa tundu la ubavuni, si la nchani. Haikupulizwa ovyo. Ililia katika kutawazwa kwa wafalme, na katika arusi na tohara za waungwana; asiye na haki ya siwa hakuipata. Habari za Pate zasimulia kwamba Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme, alinyimwa siwa siku za tohara ya mwanawe, naye akatafuta fundi wa kumchongea nyingine ya pembe. Hadithi hii yatuonyesha kuwa kunyimwa siwa ilikuwa kunyimwa daraja mbele ya mji mzima. Atazamaye siwa ndani ya kioo bila kujua habari hii aona pembe tu.

Hali kadhalika nyumba ya Kiswahili, iliyotengenezwa kwa mfano wa makao ya waungwana wa zamani. Humo mgeni hupita daka, akafika uwanja wa ndani, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani, penye zidaka zilizochongwa katika chokaa. Nyuma kuna nyumba kati, palipokuwa mahali pa kuzalia na pa kuoshea maiti. Kila jina hapa ni la Kiamu, na kila jina lina adabu yake: nani aruhusiwa kufika wapi, na nani akomee dakani. Kadiri mtu alivyoingia ndani, ndivyo alivyokuwa karibu na wenyeji.

Hapo ndipo ilipo hatari. Shaba na mawe vyaweza kulindwa kwa kufuli na kwa mlinzi, lakini jina na adabu havifungiki kabatini. Hukaa katika vinywa vya wazee, na mzee afapo bila kuulizwa, chombo chake hubaki bubu. Mfano wa mtepe uliomo makumbushoni waonyesha umbo la chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasipo misumari. Mkono wa mshonaji hauonyeshi.

Basi kazi ya makumbusho ya mji mdogo ni mbili. Ya kwanza ni kutunza kitu kisiuzwe wala kuoza. Ya pili, nayo ndiyo ngumu, ni kuwakutanisha vijana na wazee mbele ya kitu hicho, hata jina lipite kutoka kinywa kimoja hata kingine. Wageni wa mbali huja wakatazama, wakaenda zao. Mtoto wa Lamu atabaki. Naye akijua kwa nini siwa ililia, na ililia kwa ajili ya nani, kitu kile kitakuwa kimemkumbusha kama lisemavyo neno lenyewe.