Kompyuta Mpya au Subira?

Fedha za korosho huanza kuingia Ndanda, Masasi na Newala kuanzia Oktoba, minada ya vyama vya ushirika vya MAMCU na TANECU inapofunguliwa, na ndiyo majira ambayo mzazi mwenye kijana wa chuo, kadhalika mwenye steshenari kando ya barabara ya Mtwara, huketi akapiga hesabu ya kununua kompyuta. Ikasadifu kwamba Oktoba 14, 2025, siku ambayo Taifa humkumbuka Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bure masahihisho ya usalama ya Windows 10, mfumo uliotumika tangu Julai 2015. Na hapo swali likazidi uzito, kama mtu anunue mashine nyingine sasa au asubiri, aipandishe daraja ile aliyo nayo.

Asidhani mtu kuwa jambo hili ni la mijini. Katika steshenari ya Ndanda ndimo mhitimu wa kidato cha sita hujaza maombi ya Bodi ya Mikopo, ndimo mwenye mgonjwa hospitalini hutoa nakala ya kadi ya bima, na ndimo katibu wa chama cha msingi huchapisha mihutasari yake. Na jioni wateja wanapokwisha kwenda zao, vyeti vyao vya kuzaliwa, namba zao za NIDA na aghalabu nywila zao pia husalia ndani ya mashine ile. Hizo ni amana za watu, na mwenye duka anayeuacha mfumo bila kinga kwa ajizi tu huhatarisha mali isiyo yake.

Hata hivyo, dawa si lazima iwe kununua. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hupewa bure mwenye Windows 10 halali, ila ina masharti, na kubwa lao ni prosesa: ikiwa ni ya Intel, sharti iwe ya kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa 2017, au cha baadaye, pamoja na kijisehemu cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome: ukiona i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi, nawe huna haja ya kununua kitu; ukiona i5-6300U, ni kizazi cha 6, na mlango umefungwa.

Hapa ndipo ninapowasihi wanunuzi wa mitumba wawe na hadhari. HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 zikipangwa juu ya meza moja Kariakoo, asiye fundi huchukua ile ya bei nafuu, ilhali G3 ni ya kizazi cha 6 na G5 kwa kawaida ni ya cha 8. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, usome mwenyewe. Wala usiridhike kuona Windows 11 imekwisha kuwekwa, maana mafundi huweza kuipenyeza kwenye mashine isiyotimiza masharti, na Microsoft haitoi dhamana kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masahihisho.

Kungoja bei ishuke si tegemeo zuri, kwani tangu mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta imepanda duniani kote, vituo vya akili mnemba vikizigombania. Aliyekosa uwezo alipewa muhula wa masahihisho ya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 za Marekani, au bure akikubali kuhifadhi mipangilio yake katika akaunti ya Microsoft. Ipo pia Linux, mfumo usiodai malipo wala prosesa mpya, na si mgeni kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kwa kuchapa barua inatosha kabisa, mradi printa yako ijaribiwe kwanza.

Anayepandisha daraja anakili mafaili yake kwenye flashi kabla ya yote, apakue kwa kifurushi cha usiku kwani ni gigabaiti kadhaa, wala asithubutu kwa betri mbovu, umeme usije ukamkatikia katikati ya kazi. Na mwenye steshenari ambaye korosho zimemwezesha kununua moja tu, aula aiweke hiyo mahali panapojazwa maombi ya wateja. Ile kuukuu aifute vyeti vyote, aikate intaneti, aiache ichape barua na kutoa nakala hadi ichoke yenyewe.